Mafunjo, Bingwa wa Kinamasi

Ndago na mafunjo ni ndugu wa jenasi moja. Ndago kila mkulima anamjua: unamng'oa leo, kesho kutwa kachipua, na wataalamu wa magugu waliwahi kumpa nafasi ya kwanza duniani kwa usumbufu. Mafunjo nayo huitwa magugu, kisha huchomwa moto na kinamasi chake kukaushwa ili watu walime. Jina hilo haliyastahili hata kidogo. Sijui mmea wa porini wa kwetu wenye rekodi nyingi kama huu.

Kwa kimo, mafunjo hufika mita 5, na katika ukoo mzima wa ndago ni wachache wanaoyakaribia. Shina hukipata kimo hicho kwa miezi michache tu, kwa sababu mmea huu hulitumia jua kwa njia ileile ya mahindi na miwa, njia ambayo mimea mingi ya majini haina. Likate shina moja ulitazame: lina pembe tatu, gamba la kijani limeubana uboho mweupe uliojaa vijitundu vya hewa. Kupitia humo pumzi hushuka hadi kwenye mizizi iliyozama katika tope.

Uboho huo ndio uliowapa Wamisri karatasi. Maandishi ya kale zaidi yaliyopatikana juu ya mafunjo ni kumbukumbu za kazi za Merer, msimamizi wa mabaharia waliosafirisha mawe ya piramidi ya Farao Khufu, miaka zaidi ya 4,500 iliyopita. Yalifukuliwa mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Gombo moja lililohifadhiwa London lina urefu wa mita 40 na ushei.

Baharini pia yamo. Mwaka 1970 Thor Heyerdahl, Mnorwe, alitoka Safi, Moroko, kwa chombo cha mafunjo yaliyovunwa Ziwa Tana, Ethiopia. Siku 57 baadaye akatia nanga Barbados.

Lakini taji ambalo mimi ningeyavika kwanza ni la uokozi. Sangara alipoletwa Ziwa Viktoria katikati ya karne iliyopita, alikula furu wa kila namna, na spishi nyingi zikatoweka. Ndani ya mafunjo kuna giza, na oksijeni majini ni haba mno. Sangara haiwezi hali hiyo. Furu kadhaa wanaiweza, na kamongo haimsumbui kabisa, kwani ana mapafu. Wadogo wakajificha humo, adui akabaki nje. Katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, lililozingirwa na kinamasi cha Yala, ngege wa asili aliyekwisha kupotea katika ziwa kubwa bado yupo.

Wapo na wapangaji wa kudumu. Nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka, hupita juu ya tope bila kuzama. Yuko pia ndege wa jamii ya tiva, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye nje ya mafunjo humkuti. Kinamasi kikifyekwa, hana pa kuhamia.

Kampala inadaiwa na mafunjo shukrani kubwa zaidi. Majitaka ya jiji hupita kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia katika ghuba ambayo jiji hilohilo huchota maji yake ya kunywa. Mizizi iliyosukana huzuia tope na kufyonza virutubisho ambavyo vingerutubisha mwani ziwani. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa bila mshahara, huku kinamasi kikimegwa kwa mashamba ya magimbi na majengo.

Anayevuna kwa ajili ya majamvi na kamba haleti hasara hiyo, mradi asivune kila mara pale pale. Hukata mashina yaliyokomaa, akaliacha tunguu majini, nalo likachipua upya. Moto na mtaro wa kukausha ndivyo vinavyomaliza kila kitu. Misri, iliyoyapa mafunjo umaarufu wote ule, ilikwisha kuyapoteza porini hadi ikadhaniwa hayapo tena. Mwaka 1968 ndipo mtaalamu wa mimea alipoyakuta yamebaki Wadi Natrun. Sisi bado tunayo Yala, Nakivubo na kingo za Kagera, na uamuzi wa kuchimba mitaro humo uko mikononi mwetu wenyewe.