Kwa nini mfuko wa damu hauanikwi juani

Msomaji wa Machakos, mwanafunzi wa uuguzi, ameuliza: ikiwa maji yakitiwa kwenye chupa angavu na kuanikwa juani kwa muda wa saa sita huwa salama kunywa, mbona damu isimulikwe vivyo hivyo?

Humulikwa, ila kwa taa maalumu. Jua lingeipasha moto tu. Na inayomulikwa sana si damu nzima bali chembe sahani, zile zinazoziba mshipa uliochanika. Shida ya chembe sahani ni kwamba hazipendi baridi. Zikikaa frijini, mgonjwa akiwekewa, ini lake huziondoa upesi. Kwa hiyo huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24, juu ya mtambo unaozitikisa usiku na mchana, kwa siku 5, pengine 7. Bakteria aliyeponyoka kwenye ngozi ya mchangiaji sindano ilipoingia atataka nini zaidi? Ana joto, ana chakula, ana siku 5. Vipimo vya virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende havimhusu.

Hapo ndipo mwanga wa urujuanimno unapoingia (neno tamu hili, anayesema “yuvii” anajinyima). Kwanza mfuko hutiwa amotosaleni, kemikali ya ukoo wa soraleni zinazopatikana katika mimea. Kuelewa kazi yake, mtazame mama wa Kikamba anayesuka kiondo. Huchukua katani, akaisokota juu ya paja hadi zikapatikana nyuzi mbili zilizozungukana kuwa kamba moja. DNA ndiyo kamba hiyo. Bakteria akitaka kuzaana hana budi kuifumua, uzi mmoja huku, mwingine kule, kisha kila uzi usokotewe mwenzake mpya. Amotosaleni ni bapa, hujipenyeza katikati ya nyuzi ikatulia. Gizani haina neno. Washa urujuanimno A: inaushika uzi wa kushoto, inaushika na wa kulia, na kamba imeshonwa. Haifumuki tena. Bakteria hajaungua, hajapasuka, ila uzao wake umekoma. Vimelea vya malaria hupatwa na hayo hayo, na chembe nyeupe za mchangiaji pia. Chembe sahani je? Hiyo ni kiondo kilichokwisha kusukwa. Ilimeguka kutoka kwenye seli kubwa ya uboho bila kiini, haizaani, haidai kamba. (Mitokondria zake zina DNA kidogo, tusonge mbele.)

Hata hivyo mwanga hauziachi salama kabisa. Fundi wa maabara huinua mfuko mbele ya taa na kuuzungusha taratibu. Chembe zikiwa nzima, kile kimiminika cha manjano humeremeta kwa mawimbi, maana visahani hivyo hugeukageuka vikiakisi mwanga. Zikishakuwa mviringo, mmeremeto hutoweka. Zilizomulikwa hula sukari haraka zaidi, hutoa asidi ya laktiki kwa wingi, na nyingine huamka kabla ya kuitwa.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lenye wagonjwa 645. Waliotokwa na damu kiasi cha kutia wasiwasi walikuwa asilimia 58.5 kwa chembe zilizomulikwa, na 57.5 kwa zisizomulikwa. Sawa, wakasema wataalamu. Lakini kundi la kwanza liliongezewa chembe mara 8.4 kwa wastani, la pili mara 6.2. Kwa nchi inayohangaika kupata wachangiaji, tofauti hiyo si ndogo.

Mimi naiona faida zaidi kwenye damu nzima. Kumasi, Ghana, watafiti waliitia vitamini B2 badala ya amotosaleni wakaimulika, matokeo yakatoka mwaka 2016. Kati ya wagonjwa 37 waliopewa damu yenye vimelea bila kumulikwa, 8 walipata malaria. Kati ya 28 waliopewa iliyomulikwa, mmoja. Jaribio jingine la damu iliyomulikwa hivyo lilianzishwa Kampala, na kutoka Machakos huko ni safari ya basi.