AMPLIFAYA ZA NGUVU KUBWA KWA REDIO ZA RIDHAA: UJENZI, MATUNZO NA TAHADHARI

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU). Kwa huduma hiyo, mtu mwenye leseni huwasiliana na wenzake wa karibu na wa mbali kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio ya kiufundi, bila ya malipo na bila ya maslahi ya biashara. Herufi za utambulisho za vituo vya Tanzania huanza na 5H, na vituo vilivyorusha kutoka Unguja vimezoeleka kusikika vikitumia 5H1.

Mtambo wa kawaida wa redio ya ridhaa hutoa nguvu ya wati 100. Wapo wanaopenda kuongeza nguvu hiyo kwa kutumia amplifaya inayofika wati 500, 1,000 au zaidi. Chombo hicho kinaweza kununuliwa kikiwa tayari au kuundwa kwa mkono. Kwa kuwa ndani yake mna umeme unaoweza kuua, na kwa kuwa matumizi yake yasiyo sahihi huwasumbua majirani, maelezo yafuatayo yanatolewa kwa faida ya wenye leseni, mafundi, watumishi wanaohusika na majengo, na wananchi kwa jumla.

1. Leseni

Usimamizi wa masafa ya redio, Tanzania Bara na Zanzibar, uko mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Hakuna ruhusa ya kurusha mawimbi ya redio ya ridhaa bila ya leseni, na nguvu inayoruhusiwa ni ile iliyoainishwa katika masharti ya leseni hiyo. Viwango vya nchi nyengine havimhusu mwenye leseni wa hapa. Nchini Marekani, kwa mfano, kiwango cha juu kwa masafa mengi ni wati 1,500, na Ujerumani ni wati 750 kwa leseni ya daraja la juu. Lakini anayerusha kutoka Unguja au Pemba hufuata leseni aliyopewa Tanzania. Hivyo basi, hatua ya kwanza kabla ya kununua hata msumari mmoja ni kuisoma leseni.

2. Je, amplifaya inahitajika?

Kuongeza nguvu kutoka wati 100 hadi 1,000 ni kuizidisha mara kumi, lakini msikilizaji wa mbali hapati ongezeko la mara kumi. Nguvu ya wimbi linalofika kwenye antena yake huongezeka mara tatu tu na kidogo, na katika kipimo cha redio yake mshale hupanda chini ya alama mbili. Antena nzuri ya kuelekeza, yenye vijiti vitatu, huweza kuongeza nguvu mara tatu hadi nne kwa upande unaokusudiwa. Juu ya hayo, antena humsaidia mtumiaji kusikia vizuri zaidi, jambo ambalo amplifaya haiwezi kabisa kulifanya.

Aidha, visiwa vyetu vina bahati yao. Katika mpango wa kimataifa wa kutafuta visiwa kwa njia ya redio, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1964, Unguja ina namba AF-032. Watu wengi duniani hutamani kuisikia, na kituo cha wati 100 chenye antena iliyowekwa juu na mahali palipo wazi huitikiwa bila ya taabu.

Jambo jengine ni dharura. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja bila ya umeme, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kutokana na hitilafu katika mfumo unaoleta umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Wakati kama huo mtambo wa wati 100 hufanya kazi kwa betri ya gari, kwani huchukua kiasi cha ampea 20 wakati wa kurusha. Amplifaya inayotumia wati 2,000 ingehitaji zaidi ya ampea 160 kutoka katika betri ya volti 12. Kwa hiyo anayejiandaa kusaidia wakati wa maafa aanze na antena, betri na paneli ya jua, na amplifaya ije mwisho.

3. Aina za amplifaya na namna zinavyofanya kazi

Zipo aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutumia vali. Vali inayofahamika sana na waundaji ni 3-500Z, yenye uwezo wa kustahimili joto la wati 500. Uzi wake wa moto huhitaji volti 5 na zaidi ya ampea 14, na sahani yake hupewa volti 2,500 hadi 4,000. Kwa mfano, sahani ikipewa volti 3,000 na mkondo wa ampea 0.4, umeme unaoingia ni wati 1,200. Kiasi cha wati 700 hutoka kwenda kwenye antena, na zinazobaki hugeuka joto ambalo ni lazima liondoshwe kwa feni.

Vali hiyo huhitaji ukinzani wa karibu omu 4,000, ilhali waya wa antena una omu 50. Daraja baina ya viwili hivyo ni koili moja na kapasita mbili za kuzungushwa kwa mkono. Mkondo unaozunguka ndani ya koili hiyo ni mkubwa mara nyingi kuliko ule unaotoka kwenye vali. Kwa sababu hiyo koili za masafa ya juu huundwa kwa bomba la shaba na si kwa waya mwembamba, na viungo vyake hukazwa na kulehemiwa vyema. Kiungo kilicholegea hupata moto na kuungua.

Aina ya pili hutumia transista za nguvu, kama BLF188XR au MRFE6VP61K25H, ambazo kila moja imepangiwa zaidi ya wati 1,000 kwa volti 50 tu. Volti hiyo ni ndogo, lakini mkondo wake hufika ampea 40 na zaidi, na joto lote hutoka katika kipande kidogo kuliko kiberiti. Transista hufungwa juu ya bamba nene la shaba, na bamba hilo juu ya kipoozeo kikubwa cha alumini chenye feni. Vali hustahimili kosa la sekunde chache, transista haistahimili. Kwa hiyo ni lazima pawe na kinga inayokata umeme mara moja iwapo antena ina kasoro au joto limepita kiwango.

4. Umeme mkubwa na hatari yake

Katika amplifaya ya vali, transfoma hupandisha umeme wa nyumba hadi maelfu ya volti, na kapasita huuhifadhi. Kapasita za jumla ya maikrofaradi 40 zilizojazwa volti 3,000 huweka nishati ya jouli 180. Kiasi hicho kinatosha kabisa kuua mtu mzima, na hubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani.

Kinga ya kwanza ni rezista ya kumwaga chaji, iliyounganishwa daima sambamba na kapasita. Rezista ya omu 100,000 huteremsha volti 3,000 hadi karibu volti 20 katika muda wa sekunde 20. Wakati amplifaya inapofanya kazi, rezista hiyo hula wati 90, hivyo ni lazima iwe ya wati 150 au zaidi. Rezista hizi hukatika kwa joto, na hapo kapasita huweza kubaki na umeme kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo haifai kuitegemea peke yake.

Anayetaka kufungua amplifaya anatakiwa afuate utaratibu huu bila ya kuruka hatua:

(a) Azime swichi, kisha achomoe plagi ukutani na kuiweka mahali anapoiona.
(b) Asubiri mshale wa volti ushuke hadi sifuri, na baada ya hapo angoje dakika moja nyengine.
(c) Afungue kifuniko, na kwa fimbo isiyopitisha umeme, yenye ncha ya chuma iliyofungwa kwa waya mnene kwenye bodi, aguse laini ya umeme mkubwa. Fimbo iachwe ikining'inia hapo muda wote wa kazi.
(d) Avue saa, pete na bangili, avae viatu vikavu, na mkono mmoja auweke mfukoni kila anapoweza, ili umeme usipite kifuani.
(e) Asifanye kazi akiwa peke yake, wala akiwa amechoka. Aliye pamoja naye aoneshwe mapema mahali ilipo swichi kuu ya nyumba.

Kifuniko chenyewe kiwekewe swichi inayokata umeme pindi kinapofunguliwa. Swichi hiyo isifungwe kwa waya ili "kurahisisha kazi". Kipimo cha kawaida cha fundi kisitumike kupimia volti 3,000, kwani vingi vimepangiwa volti 600 au 1,000 na huweza kupasuka mkononi.

Tahadhari pia ichukuliwe kwa vifaa vya zamani. Baadhi ya vali za seramiki na transista zina oksidi ya beriliamu, ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu. Zisivunjwe wala kupigwa msasa. Kapasita za mafuta zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 huenda zikawa na mafuta ya sumu ya PCB. Zikivuja zisiguswe kwa mkono mtupu, na mafuta yake yasimwagwe chini.

5. Matunzo katika hali ya hewa ya visiwani

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu wa masika hugeuka njia ya umeme juu ya seramiki na plastiki. Vumbi la ndani ya amplifaya lisafishwe kwa brashi laini na hewa kavu kila baada ya miezi michache, na mapema zaidi kwa nyumba za ufukweni. Viungo vya antena vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji. Matundu ya hewa yawekwe wavu wa chuma, kwani mjusi mmoja akipita kwenye volti 3,000 huweza kuteketeza vifaa vya thamani kubwa.

Umeme wa nyumba unaposhuka kutoka volti 230 hadi 200, uzi wa vali hushuka kutoka volti 5 hadi 4.35, chini ya kiwango kinachoruhusiwa cha 4.75, na vali huchakaa kabla ya wakati. Umeme upimwe kabla ya kurusha. Vali kama 8877 zipewe dakika 3 za kupata moto kwanza, na kwa vali zote feni iachwe izunguke dakika chache baada ya kazi.

Amplifaya ya wati 1,000 huchukua karibu ampea 9. Iwe na laini yake kutoka kwenye boksi la umeme, iliyowekwa na fundi anayetambulika, na isichangie soketi na friji au pasi. Waya wa ardhi nao uangaliwe kwa makini. Katika maeneo ya uwanda wenye mawe ya matumbawe, msumari mmoja wa shaba mara nyingi haufiki kwenye udongo wenye unyevu. Hivyo huhitajika misumari kadhaa, au waya wa shaba uliozikwa kwa kuzunguka nyumba. Radi inapotarajiwa, waya wa antena utolewe kwenye mtambo na kuwekwa nje.

6. Haki za majirani

Kila mtambo hutoa, pamoja na wimbi lake, mawimbi madogo ya masafa yaliyozidishwa. Anayerusha kwa megahezi 21.2, masafa yake yakizidishwa mara tano hufika 106, ambayo imo ndani ya masafa ya redio za FM. Hivyo amplifaya ni lazima iwe na kichujio cha kuzuia masafa ya juu, na isisukumwe kupita kiasi chake. Jirani akilalamika kuwa redio au spika zake zinakoroma, mwenye kituo ashushe nguvu kwanza, kisha atafute sababu kwa kushirikiana naye.

Antena ya nguvu kubwa isiwekwe mahali ambapo watoto au wapita njia wanaweza kuigusa au kukaa karibu nayo, kwani huunguza. Viwango vya kimataifa vya kuwalinda watu na mawimbi, vilivyotolewa na tume ya ICNIRP mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2020, vizingatiwe katika kupima umbali huo.

Inasisitizwa kwamba mwenye leseni atumie nguvu ndogo kabisa inayotosha kufikisha ujumbe. Penye haja ya nguvu kubwa, iwe ni kwa chombo kilichoundwa kwa uangalifu, kinachotunzwa, na kinachofunguliwa na mtu aliyekwisha kuhakikisha kwa fimbo yake, na si kwa kudhani, kwamba umeme umetoka.