Kazi ya Pili ya Mwanasayansi

Msafiri atokaye mjini Karatu kuelekea kusini-magharibi huteremka kutoka nyanda za juu hadi Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu, na hatimaye hufika Ziwa Eyasi. Kandokando ya bonde la ziwa hilo wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei, ambao baadhi yao hata leo hujipatia chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Ni watu wachache mno, lakini katika vitabu vya sayansi ya mwanadamu hutajwa mara nyingi kuliko makabila mengi makubwa.

Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn alianza kuishi nao na kuchunguza maisha yao mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 wataalamu walipima damu yao. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, nishati anayotumia Mhadzabe kwa siku hukaribiana na ile ya mkazi wa Marekani au Ulaya, ingawa Mhadzabe hutembea mwendo mrefu zaidi. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba bakteria waishio matumboni mwa Wahadzabe hubadilika kufuatana na majira ya masika na kiangazi.

Matokeo hayo yameinufaisha elimu ya dunia nzima. Hata hivyo, kila moja lilianza kwa mtu mmoja kuombwa jambo: atoe damu, anywe maji yenye atomu za alama, au atoe kinyesi chake kipelekwe maabara. Hapo huzuka maswali ambayo hadubini haiwezi kuyajibu. Mtu huyo anaelezwa kwa lugha gani? Anafahamu kwamba anaweza kukataa, wala asichukiwe kwa kukataa? Matokeo yatakapopatikana, nani atarudi kumweleza?

Elimu ishughulikayo maswali hayo huitwa maadili ya utafiti. Misingi yake ya kisasa ilitokana na msiba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Kinazi walihukumiwa kwa kuwafanyia wafungwa majaribio ya kikatili, na mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg ikatamka kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa utafiti ni sharti la lazima. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kikatoa Azimio la Helsinki. Lakini kanuni iliyoandikwa haitoshi. Lazima wawepo watu wa kuisimamia, nao huunda kamati za maadili, ambazo husoma kila pendekezo la utafiti kabla kazi haijaanza.

Kazi hiyo humfaa sana msomi aliyekwisha kuvuka mbio za kutafuta vyeo. Mfano mzuri tunao hapa nchini. Profesa Wen Kilama alisomea wadudu waenezao magonjwa katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani. Mwaka 1969 yeye na mwalimu wake, George Craig, walitangaza kwamba uwezo wa mbu aina ya Aedes aegypti kuambukizwa malaria ya kuku hurithiwa kwa njia ya jeni moja. Aliporejea nyumbani alifundisha udaktari Dar es Salaam. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, yeye ndiye aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza.

Mtu mwenye sifa hizo angeweza kupumzika baada ya kuiacha ofisi hiyo. Badala yake aliongoza mtandao wa Waafrika wa kujaribu chanjo za malaria, ambao mwaka 2002 uligeuka kuwa AMANET. Pamoja na majaribio ya chanjo, mtandao huo ulitoa mafunzo ya maadili ya utafiti na kuzisaidia kamati za maadili katika nchi mbalimbali za Afrika. Mwaka 2010 Profesa Kilama aliandika juu ya maadili ya majaribio yahusuyo mbu. Jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa mbu aliyeachiliwa kijijini hapigi hodi. Humwuma aliyetia sahihi na asiyetia sahihi vilevile. Kwa hiyo ridhaa ya mtu mmoja mmoja haitoshi, bali kijiji kizima hakina budi kushauriwa.

Haja ya kushauriana na wananchi haihusu damu na mbu tu. Huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, mwaka 1978 msafara wa Mary Leakey uligundua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zilichimbuliwa, kisha zikafukiwa ili zihifadhiwe, lakini miti ya migunga iliota juu yake na mizizi ikaanza kuzitishia. Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani, ilipofanya kazi ya kuziokoa katika miaka ya 1990, Wamaasai wa hapo walishirikishwa, na kiongozi wao wa jadi akafanya tambiko mahali hapo. Udongo na vitambaa maalumu huzuia mizizi, lakini mahali palipo mbali na mji hulindwa kwanza na majirani wanaopaheshimu.

Tatizo moja ni kubwa zaidi Karatu na Ngorongoro kuliko penginepo, nalo ni lugha. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kimaasai na Kidatoga ni vya Kinailoti, Kiswahili ni cha Kibantu, na Kihadzabe, chenye sauti za kidoko, hakina ndugu anayejulikana kwa hakika. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa Kiingereza mjini huenda ikapita lugha mbili kabla ya kumfikia mzee wa Eyasi. Ikiwa neno "utafiti" limefasiriwa kuwa "matibabu", mzee atakubali akidhani anaponywa. Sahihi yake itakuwapo, lakini ridhaa haitakuwapo.

Hapa ndipo mwalimu wa sekondari anapohusika. Mara nyingi yeye ndiye anayeombwa kufasiri mgeni afikapo kijijini. Na aombe kwanza kuona kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia na, kama utafiti unahusu afya, idhini ya kamati ya maadili. Kisha afasiri polepole, na amwombe msikilizaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Asipoweza kueleza, kazi ya kufasiri haijakwisha.

Wanafunzi nao wanaweza kujizoeza darasani. Mmoja awe mtafiti, mwingine mwanakijiji, wa tatu mkalimani. Mwanakijiji na apewe ruhusa kamili ya kusema "sitaki", na mtafiti ajifunze kuitikia neno hilo kwa adabu, afunge daftari lake na kuaga.