Fahamu: Kwa nini dirisha kwenye mchoro lifuate unene wa ukuta

Katika programu za usanifu majengo kama Revit, kina cha fremu ya mbao kinaweza kufungwa kwenye nyuso mbili za ukuta, ya nje na ya ndani. Msanifu akihama kutoka tofali la inchi 6 hadi la inchi 9, fremu hujirekebisha yenyewe. Kina kikiandikwa kama namba tu, kila badiliko hudai masahihisho ya mkono. Moja likisahaulika, fundi hupewa kipimo kisicho sahihi.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba fremu za alumini hutoka kiwandani na kina maalumu, hivyo kuzinyumbua ni kudanganya. Ni kweli, lakini hoja hiyo inahusu fremu pekee: uwazi, kizingiti na plasta ya pembeni bado hutegemea ukuta. Amua kwanza kipi kinyumbuke, ndipo uchore.