Ujazo au Tungamo? Juu ya Kupima Moshi katika Vipozaji vya Injini

Katika injini nyingi za dizeli, sehemu ya moshi hurudishwa ndani ya silinda ili kupunguza oksidi za nitrojeni. Kwanza hupitishwa katika kipozaji, yaani fungu la mirija inayozungukwa na maji. Mwenye kukijaribu kipozaji hicho sharti ajue ni kiasi gani cha moshi kimepita humo. Na neno hilo “kiasi” ndilo lenye mtego.

Laweza kumaanisha ujazo, laweza pia kumaanisha tungamo. Kwa maji, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa gesi sivyo. Moshi unaoingia na joto la sentigredi 600 na kutoka na 120 hubaki na chini ya nusu ya ujazo wake, ilhali hakuna hata gramu moja iliyopotea. Mahali nako kuna athari: hapa Lubumbashi, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, lita moja ya hewa ina tungamo pungufu kuliko lita ya pwani yenye joto lile lile, kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hivyo taarifa inayotaja lita tu, bila joto wala shinikizo, haitufai kitu.

Chombo cha kawaida ni bomba lenye koo jembamba, ambalo Clemens Herschel alilitumia kupimia maji huko Marekani mnamo 1887 na kulipa jina la Venturi. Tofauti ya shinikizo hufuata mraba wa mtiririko: mtiririko ukipungua nusu, tofauti hubaki robo, na vipimo vidogo huwa na mashaka. Tena masizi huziba vitundu vya kupimia. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, ni afadhali kupima hewa safi kabla ya kichomeo, kisha kujumlisha tungamo la mafuta.

Maji ndiyo shahidi. Gramu 50 za moshi kwa sekunde, zikishuka kutoka 600 hadi 120, hutoa kilowati 26 hivi. Maji yakionyesha kuwa yamepokea 20 tu, na kipozaji hakivujishi joto jingi nje, yaelekea moshi uliopita ni pungufu kuliko ulioandikwa. Kipozaji hicho kitakuwa kimesifiwa kwa mzigo ambacho hakikuubeba. Kikifungwa garini, moshi utatoka moto kuliko ilivyotarajiwa, na maji yanayoizunguka mirija yaweza kuchemka.