Albamu ni yako, hesabu pia ni zako

Siku mbili kabla ya Juni 30, rafiki yangu mmoja, rapa wa Kayole, alinipigia simu akiwa saiba. Kijana wa hapo alikuwa tayari kumjazia ritani ya KRA kwa shilingi mia moja, tena ile ya sufuri, yaani hakupata chochote mwaka mzima.

"Si kila mtu hufanya hivyo, bro?" akaniuliza.

Shida ni kwamba alikuwa amepata. Albamu yake ya nyimbo kumi, aliyoitoa bila lebo, ilikuwa imeuza. Flashi zilienda Sh500 kila moja baada ya shoo, na mara mojamoja dola chache ziliingia kutoka mtandaoni. Ritani ya sufuri ni ya mtu asiye na mapato. Ukiwa nayo na ujaze sufuri, umedanganya, na M-Pesa huacha alama.

Nikamwambia atoke hapo aje na simu yake. Kufungua taarifa ya M-Pesa tu, balaa! Laini ni moja. Pesa za flashi, za chama cha mamake, za promota, deni la beshte, zote zimechanganyika kama githeri. Jumla ilipita Sh250,000. Ungedhani jamaa ameomoka.

Sasa piga hesabu. Flashi 300 kwa Sh500 ni Sh150,000. Kuzinunua tupu kulikula Sh60,000, studio Sh50,000, kumasta Sh15,000. Zinabaki Sh25,000, na aliyechora jalada bado anadai. Ushuru wa mapato wa kawaida hutozwa faida, si kila kilichoingia. Lakini gharama lazima uzithibitishe, na prodyuza alilipwa keshi bila hata kikaratasi. Tangu Januari 2024, KRA kwa kawaida hutaka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS. Prodyuza asiyekupa anakuachia ushuru wa pesa ambazo hukuzila. Hilo muulize kabla hujashika maiki.

Ukianza kuuza vizuri, mambo hubadilika. Biashara ikipita Sh1 milioni kwa mwaka lakini isizidi Sh25 milioni, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huo haujali studio ilikula ngapi.

Mirabaha nayo hukatwa asilimia 5 kabla ikufikie, kama wewe ni mkazi wa Kenya. Watu wengi huandika kilichofika mfukoni tu. Andika kiasi kamili, kisha makato, na uitishe cheti chake, maana ushuru huo umeshaulipa na unahesabiwa kwenye ritani.

Si lazima uwe na programu ya bei. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, mahali, nakala ngapi, pesa ngapi, na nani ana mgao wake humo. Hata flashi uliyompa DJ bure iandike, la sivyo mwisho wa mwaka itaonekana kama iliuzwa. Laini ya muziki iwe peke yake. Rekodi zenyewe ziweke miaka mitano.

Yeye hakuwa na daftari, kwa hivyo tulitumia Instagram. Posti ya shoo ilitupa tarehe, tarehe ikatupa malipo ya usiku ule kwenye M-Pesa. Kazi ya kuchosha ajabu, usiku mbili mfululizo. Ritani ilienda Juni 30 saa tano usiku, ikiwa na mapato halisi.

Katikati ya hesabu hizo jina moja lilitokea mara tatu: dada aliyeimba kiitikio cha wimbo uliovuma zaidi. Walikubaliana Sh8,000 kwa mdomo. Tulitafuta mahali alipotumiwa, hatukupata. Jamaa alinyamaza kidogo, akachukua simu, akamtumia.