Sungura Asiyependa Kushikwa

Katika vilima vya Masisi, na katika vijiji vya Walikale vilivyo kando ya msitu, jamaa nyingi hufuga dende na sungura. Ng'ombe wa Masisi walisifika sana, lakini katika vita vilivyoanza mwaka 1993 makundi makubwa yaliporwa. Sungura huweza kufichwa nyuma ya jiko. Hula majani ya viazi vitamu, na jike huzaa yapata siku 31 baada ya kupandwa. Si ajabu basi mama mwenye banda dogo kuona ndani yake madaftari ya watoto wake.

Jirani yangu alikuwa na jike wa namna hiyo. Siku moja alimtuma mwanawe wa miaka saba amtoe ili banda lisafishwe. Mtoto akamwinua kwa masikio, kama alivyoona watu wazima wakifanya sokoni. Jike akatupa miguu ya nyuma mara mbili kwa nguvu, kisha akatulia. Alipowekwa chini alijikokota kwa miguu ya mbele tu: mgongo ulikuwa umevunjika. Mtoto alichapwa. Lakini ni nani aliyepata kumfundisha?

Sungura wa hadithi zetu ana hila nyingi. Huyu wa bandani ana hofu tu. Adui zake, kama mwewe, humnyakua, na kwake kuinuliwa ni kufa. Tena misuli yake ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa yake iliyo myepesi, hata teke lake mwenyewe likipigwa hewani laweza kumvunja kiuno.

Kwa hiyo, piga magoti kwanza, mjie kwa ubavuni, umpapase paji la uso. Tia mkono mmoja chini ya kifua, na wa pili chini ya matako, ukichukua uzito wote. Mwegemeze kifuani pako, kichwa kikifichwa kwapani, maana asipoona hutulia. Vaa nguo ya mikono mirefu kwa sababu ya kucha. Akianza kupigana, usimbane wala usimwachie. Shuka naye mpaka chini. Ukimrudisha bandani, tanguliza matako, asije akaruka aonapo kwake. Wengine humlaza chali na kusema amesinzia. La, hiyo ni hofu iliyomgandisha.

Mtoto mdogo asimwinue kabisa. Aketi mkekani, sungura amjie. Na njia iliyo bora kwa wote ni kapu lenye kifuniko, lililolazwa mlangoni mwa banda na majani machache ndani, mpaka mnyama azoee kuingia mwenyewe. Wale waliowahi kukimbia usiku kuelekea Sake wanajua kwamba saa ile si ya kumfukuza sungura gizani.

Jirani yangu amepata jike mwingine. Kila jioni mtoto yuleyule hulaza kapu, huketi kando yake, na kungoja.